Kwenda Mbio Si Kufika: Gari la Mashindano na Barabara za Afrika Mashariki

Lugha yetu imewapa watu wa mataifa maneno kadhaa, lakini hakuna lililokwenda mbali kuliko neno "safari" lenyewe. Limo katika kamusi za Ulaya na Marekani, na kwa miaka mingi wapenzi wa magari walipolitamka walikusudia jambo moja tu: mbio ndefu za magari zilizofanywa katika nchi zetu wakati wa Pasaka, masika yanapoanza. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, katika siku za ukoloni, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa Safari ya Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1974 zimebaki kuwa za Kenya peke yake.

Hatukuzianzisha sisi, wala magari yaliyoshindana hatukuyaunda sisi. Kuna nini basi katika habari hii hata istahili kusomwa katika kitabu cha utamaduni? Jibu ni kwamba utamaduni si ngoma na mashairi peke yake. Ufundi nao ni utamaduni, na katika ufundi huu ardhi yetu ndiyo iliyokuwa mwalimu. Wahandisi wa mataifa makubwa walikuja na magari yenye nguvu, wakarudi kwao na mafunzo. Funzo kubwa ni lile walilokwisha kulinena wahenga: kwenda mbio si kufika.

Tutazame gari moja. Mwishoni mwa mwaka 1969 kiwanda cha Nissan cha Japani kilitoa gari la spoti lililouzwa nchi za nje kwa jina la Datsun 240Z. Lilikuwa gari la watu wawili, lenye boneti ndefu, lililokaa chini karibu na ardhi, na injini yake ilikuwa na silinda sita na ujazo wa sentimita 2,393 za ujazo. Lilibuniwa kwa ajili ya barabara za lami, na wanunuzi wake wengi walikuwa Marekani. Mtu aliyelitazama kwa mara ya kwanza hangedhani kwamba lingeweza kuvuka mto uliofurika au kupanda mlima wenye utelezi. Hata hivyo, mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alishinda Safari kwa gari hilo pamoja na mwongozaji wake Hans Schüller. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye akiendesha 240Z.

Gari la dukani liligeuzwaje likawa shujaa wa matope? Kijana apendaye magari huanza kufikiri juu ya injini. Fundi wa Safari alianza chini ya gari. Kwanza alifunga bamba nene la chuma chini ya injini, ili jiwe lisitoboe chombo cha mafuta. Kisha akatia springi imara zaidi na kuliinua gari, lipite juu ya mashimo na magogo. Akaweka tangi kubwa la petroli, kwa sababu vituo vilikuwa mbali. Akapachika taa za ziada kwa ajili ya usiku na ukungu, na boneti akaipaka rangi nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimpige dereva machoni. Hatimaye ndipo alipoigusa injini: kabureta mbili zikawa tatu kubwa zaidi, na nguvu, ambayo katika gari la kawaida ilikuwa kama farasi 150, ikapita farasi 200.

Lakini kila nyongeza ilidai malipo yake, na hapa ndipo penye siri ya kazi hii. Bamba la chuma na tangi kubwa huongeza uzito, na uzito hulemea breki na kula matairi. Gari lililoinuliwa huvuka shimo kwa salama, lakini huyumba zaidi kwenye kona. Kabureta kubwa huongeza kasi, lakini hunywa petroli nyingi. Kwa hiyo kurekebisha gari si kuongeza tu. Ni kuchagua kipi kipatikane na kipi kipotee. Anayeandaa gari kwa uwanja wa lami ulio sawa hulishusha, hulikaza springi na kuliondolea kila kilo isiyo ya lazima, naye ana haki. Anayeandaa gari kwa barabara ya udongo hufanya kinyume, naye pia ana haki. Asiye na haki ni yule aigaye kazi ya mwenzake bila ya kuuliza ilifanywa kwa njia gani.

Mafundi wa pwani yetu waliijua elimu hii kabla gari halijaundwa. Fundi wa jahazi hakuongeza tanga bila ya kufikiri mlingoti, wala hakufikiri mlingoti bila ya kufikiri farumi. Tanga kubwa katika chombo kisicho na farumi huleta mwendo wa saa moja na msiba wa siku zote. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Namna ya kuhesabu ushindi nayo ilifundisha jambo hilo hilo. Safari haikumtafuta dereva aliyefikia kasi kubwa kuliko wote. Kila kituo kilikuwa na saa yake iliyopangwa, na aliyechelewa alitozwa alama za adhabu. Mshindi ni yule aliyetozwa chache zaidi. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Katika mbio za namna hiyo kufika peke yake ni sifa. Haishangazi basi kwamba tangu mwanzo hadi mwaka 1971 walioshinda ni madereva wenyeji wa nchi hizi, walioujua udongo mweusi wa masika na mavumbi ya kiangazi. Mgeni wa kwanza kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972.

Mwaka uliofuata, 240Z ilishinda tena, safari hii mikononi mwa Shekhar Mehta. Alama zake zililingana kabisa na za Harry Källström wa Sweden, ikabidi kanuni ya kuamua sare itumike. Mehta alizaliwa Uganda, akahamia Kenya, akaja kuishinda Safari mara tano.

Ushahidi wa mwisho ni wa mwaka 1974. Porsche ya Björn Waldegård, gari lenye nguvu na jina kubwa, ilivunjika kiungo cha nyuma ikapoteza muda, na ushindi ukachukuliwa na Joginder Singh kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ndogo ya sentimita 1,600 za ujazo. Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi katika gereji ya baba yake. Aliposhinda mara ya kwanza, mwaka 1965, alitumia Volvo iliyokwisha kutumika mashindanoni. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na sikio lake lilisikia maumivu ya gari kabla halijavunjika.

Liko jambo moja zaidi, nalo ni zito. Mbio hizo zilipita katika barabara za watu wote, palipo na ng'ombe, mabasi na watoto watokao shule. Ziliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kutoka mwaka 2002, zilifanywa katika njia zilizofungwa, na hiyo ni hekima. Leo katika miji yetu wako vijana wanaokata springi ili gari likae chini, wanaotoboa ekzosi ili lingurume, wanaoongeza nguvu ya injini na kuziacha breki zile zile za zamani. Wanasema wanaiga magari ya mashindano. La hasha! Wameiga sauti, wameacha elimu. Gari la Safari liliandaliwa kwanza listahimili, kisha liende. La kwao limeandaliwa liende, na kusimama kwake wameachiwa wapita njia.

Walimu wanaofundisha fizikia wanaweza kuyachukua haya kuwa somo: uzito, msuguano, kimo na kasi, vyote vimo ndani ya gari moja. Na mwanafunzi atakayekuwa fundi kesho akumbuke swali ambalo barabara zetu ziliwalazimisha wahandisi wa dunia kulijibu. Kabla ya kuuliza gari litakwenda kasi gani, waliulizwa: litapita wapi, na nani yuko njiani?