Pauni, Bordgeld na Dola: Nani Aliyepanga Fedha za Melini

Pasipoti ya Mwingereza wa mwaka 1967 ilikuwa na sehemu ya nyuma isiyohusu viza wala mihuri ya mipaka. Aliyeijaza alikuwa karani wa benki. Mwenye pasipoti alipokwenda kununua faranga au lira za likizo, karani aliandika kiasi alichompa, akatia tarehe, akagonga muhuri wa tawi lake. Kuanzia hapo yeyote aliyeifungua hati hiyo aliona mwenyewe amekwisha kutumia kiasi gani cha fungu lake la fedha za kigeni. Kikomo kilikuwa pauni 50. Serikali ya Harold Wilson ilikitangaza Julai 1966, pauni ikiwa inayumba, na kikaanza kutumika Novemba mwaka huo. Juu ya hizo 50 msafiri aliruhusiwa kubeba noti za Kiingereza zisizozidi pauni 15. Chakula cha Hispania, teksi za Roma, zawadi za watoto, vyote vilitakiwa vienee humo.

Palikuwa na mlango wa nyuma, tena wa halali kabisa, nao ni meli. Nauli ya meli ya Kiingereza ililipwa kwa pauni kabla ya kuondoka, kitanda na milo yote ikiwa ndani yake. Mkishakuwa baharini, bia iliuzwa kwa pauni, kinyozi akalipwa kwa pauni, sigara zikanunuliwa kwa pauni, na hakuna hata senti moja ya matumizi hayo iliyohesabiwa kuwa fedha za kigeni. Abiria aliweza kuizunguka Mediterania wiki mbili na zile pauni 50 zikabaki kwa ajili ya nchi kavu tu. Makampuni ya meli, yaliyokuwa yakinyang'anywa abiria na ndege kila mwaka, hayakuchelewa kuiona bahati hiyo.

Malipo ya melini husimuliwa kama hadithi ya teknolojia: zamani sarafu, kisha karatasi, leo kadi. Kwangu mimi hiyo ni sehemu ndogo ya habari. Fedha inayopokewa kwenye baa ya meli imekuwa ikifuata hofu ya mtu fulani aliyeko nchi kavu: waziri anayeogopa hazina itakauka, au mwenye kampuni anayeogopa hasara ya kubadilisha fedha. Abiria huarifiwa tu. Pwani yetu ililishuhudia jambo hili mapema kuliko wengi.

William Mackinnon, Mskoti aliyeanzisha kampuni ya meli iliyokuja kuitwa British India, alipata mkataba wa kupeleka barua Zanzibar kutoka Aden mwaka 1872. Wakati huo pwani ilikuwa inatumia reale, ile sarafu nene ya fedha yenye sura ya Maria Theresa na tarehe ya 1780, tarehe iliyoendelea kuchapwa hata miaka mia moja baadaye. Pembeni yake rupia ya India ilikuwa inaingia kwa kasi pamoja na wafanyabiashara wa Kihindi. Kampuni ya Mackinnon ilizaliwa Calcutta, na njia zake zikaenda sambamba na rupia. Mwaka 1888 Mackinnon huyohuyo akaongoza kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala eneo ambalo leo ni Kenya, na kampuni hiyo ikapiga rupia zake huko Birmingham, zikiwa na jina la Mombasa. Mtu mmoja akawa na meli, bandari na sarafu. Sijui mfanyabiashara gani wa leo asingeitamani hali hiyo.

Msafiri kutoka Bombay kwenda Mombasa hakuwa na haja ya kubadilisha chochote, kwani rupia ilipokewa kwenye gati zote mbili. Wa Dar es Salaam alikuwa na hesabu ngumu zaidi. Wajerumani nao walikuwa na rupia yao ya koloni, na mwaka 1904 wakaifunga kwa kiwango cha rupia 15 kwa maki 20. Ofisa aliyepanda meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie kurudi Hamburg alitoka kwenye rupia akaingia kwenye maki, na kila bei ya rupia ikamlazimu aizidishe kwa nne na kuigawa kwa tatu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mambo yakanyooka, angalau kwa waliokuwa chini ya bendera moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyokaa London, ilijaribu florini kwa muda mfupi kisha mwaka 1921 ikaleta shilingi. Shilingi 20 za Afrika Mashariki zilikuwa pauni moja kamili. Zanzibar ikajiunga na mpango huo mwaka 1936. Karani wa Nairobi aliyepanda meli Mombasa kwenda London miaka ya 1950 alikuta bei ya soda imeandikwa kwa shilingi za Uingereza, na shilingi hiyo ilikuwa na thamani ileile ya shilingi aliyoiacha nyumbani.

Meli mbili zilizojulikana zaidi kwenye njia hiyo zilikuwa za British India na majina yake yalikuwa yetu: *Kenya*, ya mwaka 1951, na *Uganda*, ya mwaka 1952, zote zikiwa zimeundwa Glasgow. Zilipita Gibraltar, mfereji wa Suez na Aden, zikashuka Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam na Beira. Jioni abiria wa daraja la kwanza hakuchomoa pochi. Mhudumu, mara nyingi Mgoa, alileta glasi pamoja na kikaratasi. Abiria akaandika namba ya chumba chake, akatia sahihi, mazungumzo yakaendelea. Vikaratasi vilipelekwa ofisi ya mhasibu wa meli na kupangwa kwa namba za vyumba, na safari ilipokaribia kwisha bili ikatoka. Dirisha la mhasibu huyo ndilo lilikuwa benki ya melini. Hapo ziliuzwa stempu, zikatunzwa pete na mikufu ndani ya sefu, na meli ilipokaribia bandari ya kigeni hapo ndipo palipobadilishwa fedha, kwa kiwango ambacho mhasibu alikitangaza mwenyewe.

Kwenye meli za Bombay, *Karanja* na *Kampala*, kulikuwa na abiria wengi wasiojua habari za vikaratasi hivyo. Hao walisafiri bila vyumba, na matandiko yao na sehemu ya chakula chao walikuja navyo. Matumizi yao melini yalikuwa madogo, na fedha walizozificha kwenye nguo zilikuwa za kuanzia maisha huku au kule.

Hofu ya serikali haikuonekana wazi popote kama ilivyoonekana Ujerumani. Mwaka 1931, benki zake zilipoanguka, Ujerumani iliweka udhibiti wa fedha za kigeni, na Wanazi walipoingia madarakani wakaugeuza kuwa silaha. Myahudi aliyehama alinyang'anywa sehemu kubwa ya mali yake kwa kodi na kwa viwango vya dhuluma, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930 aliruhusiwa kutoka na maki 10 mkononi. Hata hivyo makampuni ya meli ya Kijerumani yalitaka kuuza vinywaji na huduma zao. Ndipo ikawapo *Bordgeld*, fedha za melini tu. Abiria alizinunua kwa maki kabla ya kuondoka, akazitumia kwenye baa, kwa kinyozi na kwenye duka la meli. Aliposhuka, zilizobaki hazikuwa na thamani yoyote, kwani hakuna benki ya nchi kavu iliyozitambua.

Meli *St. Louis* iliondoka Hamburg tarehe 13 Mei 1939 ikiwa na abiria 937, karibu wote wakiwa wakimbizi wa Kiyahudi, kuelekea Cuba. Kwa vile fedha zao zingepotea vyovyote vile, baadhi ya wasafiri wa miaka hiyo walikata tiketi za daraja la kwanza na kununua *Bordgeld* kwa wingi. Kwa siku hizo za njiani waliishi kama watalii matajiri, huku mifukoni wana maki 10 za kuanzia maisha mapya. Serikali ya Cuba ikakataa kuwapokea isipokuwa wachache mno. Marekani nayo haikuwapokea, na meli ikarudi Ulaya, abiria wakagawanywa kati ya Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji na Uholanzi. Kati yao, 254 waliuawa au kufa katika mauaji ya Wayahudi. Wakimbizi waliokwenda Shanghai kwa meli za Kiitaliano nao walisafiri na *Bordgeld* ya aina hiyo. Wengine wachache walifika Mombasa na kupanda treni kwenda bara, kwenye mashamba ya Kenya.

India nayo ilichapa fedha za njiani, ingawa kwa nia njema zaidi. Mwaka 1959 Benki Kuu ya nchi hiyo ilitoa noti maalumu za rupia 10 na 100 kwa mahujaji, zitumike Hijaz na zisirudi kuvuruga soko la nyumbani. Mwaka huohuo ikatoa pia rupia ya Ghuba, iliyozunguka kutoka Kuwait hadi Oman. Lengo lake lilikuwa kuzuia dhahabu ya magendo iliyokuwa inalipiwa kwa rupia za kawaida.

Turudi kwenye pauni 50. Kikomo hicho kilihusu nchi zilizo nje ya eneo la pauni tu, na Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa bado ndani ya eneo hilo. Kwa hiyo Mwingereza aliyekuja Malindi mwaka 1967 hakuwa na fungu la kuhesabiwa, lakini jirani yake aliyekwenda Ufaransa, ng'ambo tu ya mkondo mwembamba wa bahari, alihesabiwa. Mwaka huo pia meli *Uganda* iliondolewa kwenye njia ya Afrika Mashariki, ndege zikiwa zimechukua maofisa na wanafunzi wake. Ikapelekwa Hamburg kufanyiwa matengenezo makubwa, na mwaka 1968 ikarudi baharini kama meli ya safari za masomo, yenye nafasi ya wanafunzi zaidi ya 900 na abiria wa kawaida wapatao 300. Watoto wa shule za Uingereza waliiona Mediterania kwa mara ya kwanza kwenye meli iliyokuwa na jina la nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kufika.

Tarehe 18 Novemba 1967 pauni ilishushwa thamani kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Nchi tatu za Afrika Mashariki, ambazo zilikuwa zimeanzisha shilingi zao mwaka mmoja tu kabla, zilikataa kuifuata. Pauni ikawa shilingi 17 na senti 14 badala ya 20. Msafiri wa Mombasa aliyekuwa amezoea kutofikiri alipotia sahihi kikaratasi cha soda akaanza kufikiri, ingawa safari hii hesabu ilimfaa yeye. Mwaka 1971 Uingereza ikabadili mfumo wa pauni yake na kuiacha shilingi kabisa. Sisi tukabaki nayo.

Kikomo cha usafiri kilipandishwa hadi pauni 300 mwanzoni mwa 1970, na Oktoba 1979 serikali ya Margaret Thatcher ikaufuta udhibiti wote wa fedha za kigeni. Huku kwetu ulidumu zaidi. Tanzania ilipitisha sheria mpya mwaka 1992, maduka ya kubadilisha fedha yakafunguliwa, na Kenya ikaifuta sheria yake ya udhibiti mwaka 1995.

Wakati huo kitovu cha meli za matembezi kilikuwa kimehamia Miami. Desemba 1966, mwezi mmoja baada ya kikomo cha Wilson kuanza kutumika, meli *Sunward* ya Knut Kloster, Mnorwe, ilianza safari kutoka bandari hiyo, na mwaka 1972 Ted Arison akaanzisha Carnival. Meli hizo zilibeba bendera za Norway, Panama au Liberia, lakini bili zilikuwa za dola, kwa sababu wateja walikuwa Wamarekani. Bendera ikapoteza kauli juu ya sanduku la fedha. Cunard, kampuni ya Kiingereza kuliko zote kwa sifa, ilinunuliwa na Carnival mwaka 1998, na kwenye *Queen Mary 2* abiria wa Southampton hulipia chai yake kwa dola. P&O Cruises, iliyo chini ya kundi hilohilo, bado inatoza kwa pauni. MSC na Costa hutoza kwa yuro Mediterania na kwa dola Karibi.

Kikaratasi cha mhudumu kimekuwa kadi ya plastiki inayofungua pia mlango wa chumba. Abiria akipanda huacha namba za kadi yake ya benki, na kila glasi, picha na ziara huingia kwenye akaunti yake. Kwenye baadhi ya meli humo ndimo mlimo kitu ambacho wengi hawakioni. Kampuni hujitolea kumgeuzia bili kwenye fedha ya nyumbani kwake, kwa kiwango chake yenyewe, na asiyekataa mapema kwenye dawati la wageni huhesabiwa kuwa amekubali. Ni swali lilelile tunaloulizwa na mashine za kadi madukani tukisafiri. Jibu langu ni kuchagua fedha ya meli na kuiachia benki yangu igeuze, kwa kuwa kiwango cha benki mara nyingi huwa na nafuu. Mtanzania mwenye kadi ya Dar es Salaam hatakuta bei ya shilingi kwenye meli hizi, basi benki yake ndiyo itakayofanya kazi hiyo, ikikata na ada yake.

Meli hizo zinapoingia Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam kwa saa chache, ziara nyingi za nchi kavu huwa zimeshauzwa melini, kwa dola au yuro, siku kadhaa kabla ya nanga kushuka. Wakala wa bandarini hulipwa na kampuni baadaye. Dereva wa teksi aliye nje ya geti hupata waliobaki, wengi wao wakiwa na dola tu mfukoni. Tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo kabla hawajakubaliana nauli, dereva wa Dar es Salaam na mteja wake huanza kwa kuulizana duka la kubadilisha fedha liko wapi.