Merikani ya Bombay: Jina la Kitambaa na Mahali Kilipofumwa

Katika karne ya 19, miongoni mwa bidhaa zilizotafutwa sana katika biashara ya Unguja na bara ilikuwa merikani, yaani kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa wala kutiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts na kuletwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Seyyid Said bin Sultan na Marekani, ulioweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingia, uliipa biashara hiyo msingi wa kisheria, na meli zilizoshusha vitambaa zilirudi zimesheheni pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, ambayo ni utomvu mgumu uliotumika kutengenezea vanishi.

Merikani haikuwa vazi tu. Kitambaa kizima kama kilivyotoka kiwandani kiliitwa jora, nalo lilikatwa kwa vipimo vilivyojulikana tangu pwani hadi Ujiji: mikono 4 ilikuwa shuka, mikono 8 ilikuwa doti. Kwa shuka na doti wapagazi walilipwa, watemi walipewa hongo ili misafara ipite, na chakula cha njiani kilinunuliwa, hata ikawa kwamba kumpa mtu kitambaa hafifu kulikuwa sawa na kumlipa kwa sarafu bandia. Ndiyo maana mnunuzi wa bara, ambaye hakuwahi kuiona Salem wala kusoma herufi zilizogongwa kwenye jora, alikuwa hakimu mkali wa ubora kuliko wengi waliomuuzia.

Waingereza waliligundua hilo kwa hasara. Daktari wa jeshi la majini la Marekani, W. S. W. Ruschenberger, aliyefika Unguja mwaka 1835, aliandika kwamba Waingereza walikuwa wakiiga kitambaa cha Marekani na kukigonga mihuri ya Kimarekani, lakini wateja, kwa kuogopa kudanganywa, walifikia hatua ya kukataa kununua kwa Mwingereza yeyote. Shahidi huyu alikuwa na upande wake, na maneno yake yapokewe kwa hadhari; hata hivyo, sababu aliyoitaja inaaminika, kwani alisema kwamba wenyeji waliona kitambaa cha Marekani kina nguvu na kinadumu zaidi. Kitambaa kinachovaliwa na mpagazi kwenye jua na mvua hakifichi siri yake kwa muda mrefu, na muhuri, hata ukiigwa kwa ustadi wa namna gani, haukuweza kukiokoa kilichochakaa baada ya kufuliwa mara chache.

Ikumbukwe pia kwamba uhalisi huo uliosifiwa ulikuwa na upande ambao muhuri haukuuonyesha. Pamba ya viwanda vya Massachusetts ilitoka katika mashamba ya majimbo ya kusini, ambako ilichumwa na Waafrika waliofanywa watumwa na vizazi vyao, na kitambaa chake kilirudi Afrika kuwa sehemu ya mali iliyonunua pembe na, mara nyingi, watu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata mnyororo huo. Bei ilipanda, shehena zikapungua, na ingawa Wamarekani walirudi sokoni baada ya vita, walikuta mshindani mpya akijiandaa. Bombay, ambako kiwanda cha kwanza cha pamba kilichoendeshwa kwa mvuke kilianza kazi mwaka 1856, ilikuwa na faida ambayo Manchester ya Uingereza haikuwa nayo: wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walikuwa na ndugu na mawakala huko, waliijua ladha ya soko la bara, na waliweza kuagiza kitambaa kinachofanana na kile cha Salem kwa uzito na kwa mguso. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880, sehemu kubwa ya merikani iliyouzwa ilikuwa imefumwa Bombay, na bado iliitwa merikani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza zamu ilikuwa ya Japani, iliyonufaika na mikataba ya bonde la Kongo iliyozuia wakoloni kuzipendelea bidhaa za nchi zao kwa ushuru.

Haifai kudhani kwamba wanunuzi walipumbazwa na jina. Walioukataa mwigo wa Waingereza mwaka 1835 waliupokea ule wa Bombay miaka 50 baadaye kwa sababu uliwatosheleza, na kipimo chao kilikuwa kilekile. Salem ilikuwa imelitangaza jina hilo kwa kazi njema, lakini waliolimiliki ni wateja, nao walimpa aliyestahili.

Kanga ilifuata njia hiyo kwa uwazi zaidi. Ilichapwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India, huku alama iliyoaminiwa na wanawake wa pwani ikiwa ya mwagizaji wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa maandishi ya “Mali ya Abdulla”. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968, wakati kanga ilikuwa imekwisha kuwa vazi la Waswahili kwa zaidi ya miaka 70.