Mto Mmoja, Redio Mbili



Wapendwa wanaparokia, wazee wetu wengi wa Njombe na Makambako waliifuata Vita ya Kagera kwa masikio, wakiwa wameizunguka redio. Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Idi Amin lilituvamia, na Redio Uganda ikajigamba kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera limetwaliwa kwa dakika 25. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akajibu kupitia Redio Tanzania: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Wavamizi wakalilipua daraja la Kyaka ili tusivuke. Novemba hiyohiyo wahandisi wa JWTZ wakatandika daraja la muda, na jeshi likavuka.

Mwaka 1994 mto uleule ulituletea msiba mwingine. Rwanda ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1990. Redio iliyoitwa RTLM, iliyoanza kurusha matangazo 1993, iliwaita Watutsi mende. Mauaji yalipoanza, ikawataja watu kwa majina na mahali walipojificha. Maiti zilielea katika Kagera, zikapita Kyaka hadi Ziwa Victoria. Tarehe 28 na 29 Aprili, wakimbizi zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara.

Tusijidanganye kwamba hayo yalitendwa na wapagani. Wanyarwanda wengi walikuwa wamebatizwa, na wengi wao walikuwa Wakatoliki kama sisi. Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na za watoto wake katika mauaji hayo.

Mtume Yakobo aliufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa. Daraja la chuma likilipuliwa, wahandisi hutandika jingine kwa siku chache. Ujirani ukilipuliwa kwa maneno, hakuna kikosi kinachoweza kuutandika upesi hivyo.

Makambako yetu ni njia panda: watu wa Songea, Iringa na Mbeya hukutana hapa, na neno lisemwalo sokoni asubuhi hufika mbali kabla ya jua kuzama. Siku hizi kila mmoja wetu ana redio yake mfukoni. Basi juma hili, kabla ya kusambaza ujumbe unaomtaja jirani, kabila au dini ya mtu, tunyamaze kwanza, tusali, ndipo tuamue.

Mungu awabariki.