Wahedi wa sitini, kadi za anime, na bahati yenye kumbukumbu

Likizo moja nyumbani Kaoze, huku bondeni Rukwa, nilijaribu kumweleza mjomba mchezo wa kadi za anime tunaocheza na wenzangu chuoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Si wahedi wa sitini hiyo, imepakwa rangi tu?" Nikacheka. Baadaye nikapiga hesabu, nikaacha kucheka.

Tuanze na maneno, maana ndiyo ushahidi tulio nao mkononi. Karata, turufu, kopa, uru, shupaza, pau: yote hayo asili yake ni Kireno. Wareno walitia nanga Malindi mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa 1593, wakanyang'anywa 1698. Ngome ilienda, maneno yakabaki. Huko Ureno, ndugu wa mchezo wetu bado anachezwa, anaitwa sueca. Ree ina pointi 11, saba ina 10, kisha mzungu wa nne, wa tatu na wa pili, yaani mfalme, ghulamu na malkia. Ona hapo: pointi zimo ndani ya jina lenyewe! Jumlisha upate 30 kwa kila aina. Aina nne, 120. Nusu ni 60, kwa hiyo mwenye 61 kashinda, na hiyo 61 ndiyo wahedi wa sitini, safari hii kwa Kiarabu.

Sasa, mtu akigawiwa takataka afanye nini? Hapa ndipo mjomba anapong'ara. Anahesabu. Anajua ree ya kopa imeshatoka, turufu zimebaki mbili, na moja iko kwa jirani yake wa kushoto. Dadu haina kumbukumbu: ukipata sita mara tatu mfululizo, ya nne haijui lolote. Lakini karata iliyotoka hairudi mpaka mchezo uishe, na kila inayotoka inabadilisha uwezekano wa zilizobaki. Mwaka 1654, Wareno wakiwa bado Mombasa, Pascal na Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatishwa. Hesabu za uwezekano zinadai sana barua zile. (Sisi watoto tuliambiwa karata ni uhuni. Hakuna aliyetuambia ni hisabati.)

Turudi kwenye anime. Weiß Schwarz, mchezo wa Kijapani ulioanza 2008, una rundo la kadi 50, na kadi za klaimaksi hazizidi 8. Ukipigwa pigo la 3, unafunua kadi za juu mojamoja. Klaimaksi ikitokea, pigo lote linafutika. Rundo likiwa bado zima, uwezekano wa kupita kadi tatu bila klaimaksi ni 42/50 × 41/49 × 40/48, kama asilimia 59. Kwa hiyo mara nyingi utaumia. Lakini rundo likiisha, kadi zilizotupwa zinachangwa upya, na zile ulizozishika au kuziweka mezani hazirudi humo. Ukifanikiwa kubaki na rundo la kadi 20 lenye klaimaksi zote 8, uwezekano wa kuumia na pigo lilelile unashuka hadi kama asilimia 19. Mtazamaji atasema una bahati. Kumbe umeitengeneza kwa dakika ishirini, ukihesabu kilichotoka, vilevile kama mjomba.

Hadi hapo nilimkubalia. Alichonishinda kabisa ni habari ya pochi. Tangu Richard Garfield, mwanahisabati wa Marekani, alipotoa Magic mwaka 1993, michezo hii inauza kadi kwenye pakiti zilizofungwa, hujui ndani kuna nini. Pokémon ikafuata 1996, Yu-Gi-Oh! 1999. Wabunifu wanahangaika kusawazisha mezani, hata kupiga marufuku kadi zilizozidi nguvu, lakini dukani mwenye hela anafungua pakiti nyingi kuliko wewe, basi. Kwenye wahedi wa sitini, mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku wote wanagawiwa kutoka rundo moja lililochakaa.

Mjomba akauliza pakiti moja bei gani. Nikamtajia kwa shilingi. Alinyamaza kidogo, akachanga karata zake, akasogeza rundo mbele yangu. "Kata."