Mbio za magari ndani ya miwani: uiboreshe kompyuta au uiache?

Swali hili nimeulizwa mara nyingi: "Nina kompyuta ya michezo, nina usukani na pedali, sasa nataka kuendesha nikiwa nimevaa miwani ya uhalisia pepe. Ninunue kadi mpya ya grafiki?" Kabla hujatoa hela, hebu turudi nyuma kidogo. Historia ina mengi ya kutufunza.

Mwaka 1968 Ivan Sutherland, mwanasayansi wa kompyuta Mmarekani, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani ambacho mtambo wake ulining'inia kutoka darini. Kilichora mistari mitupu, lakini kanuni ilikuwa ile ile ya leo: kichwa kikigeuka, picha nayo igeuke papo hapo. Ikichelewa, utapata kichefuchefu. Mwaka 1995 Nintendo walileta Virtual Boy iliyoonyesha rangi nyekundu tu, na mwaka uliofuata wakaiachilia mbali.

Upande wa magari nao una kisa chake. Mwaka 1998 kampuni ya Papyrus ilitoa Grand Prix Legends, mchezo wa mbio za Formula One za msimu wa 1967. Hesabu zake za matairi na mwendo zilikuwa nzito mno kwa kompyuta nyingi za nyumbani wakati huo, na mauzo yakawa duni. Miaka michache baadaye kompyuta za kawaida ziliumudu bila jasho, na mchezo ukaheshimika. Yaani subira pekee iliwafanyia watu kazi ya kadi mpya!

Mwaka 2016 miwani ya Oculus Rift ikaingia sokoni. Mbio za magari ziliifaa sana, kwa sababu dereva ameketi kitini ndani ya mchezo na nje yake pia. Lakini angalia mzigo. Skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 inayobadilika mara 60 kwa sekunde inahitaji pikseli milioni 124 kila sekunde. Rift, yenye 1080 kwa 1200 kwa kila jicho na mara 90 kwa sekunde, inahitaji milioni 233. HP Reverb G2 ya mwaka 2020, ikiwa na 2160 kwa 2160 kwa kila jicho, inafika milioni 840! Kwa hiyo huwezi kuchagua kadi kabla ya kuchagua miwani.

Oculus walipendekeza kadi ya GTX 970. Mwaka huo huo wa 2016 wakaleta mbinu ambayo kompyuta inachora fremu 45, na programu inakisia zilizobaki. Kiwango cha chini kikashuka hadi GTX 960. Sisi tunaoandika programu tulifurahi: kodi nzuri iliwaokolea watu pesa.

Ila programu hutoa na programu hutwaa. Reverb G2 ilitegemea Windows Mixed Reality. Desemba 2023 Microsoft walitangaza kuiacha, na toleo la 24H2 la Windows 11, mwaka 2024, likaiondoa. Hata kadi ya bei ya juu kabisa haiwezi kurudisha programu iliyoondolewa.

Basi tufanyeje? Pima kwanza. Kwa mara 90 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 11.1 tu. Anzisha mbio zenye magari mengi, utazame muda wa fremu pale mwanzoni mnapobanana. Kisha punguza ukubwa wa picha hadi nusu. Muda ukishuka sana, kadi ndiyo imelemewa, na kadi mpya itasaidia. Usiposhuka, prosesa ndiyo inayohangaika na hesabu za magari yote yale, na kadi mpya itakuwa pambo.

Ukizidisha milisekunde mbili tatu tu, punguza vivuli na vioo vya pembeni kwanza, maana kila kioo ni picha nyingine ya kuchorwa. Hapa Kenya bei unayoiona mtandaoni haijaongezwa usafiri wala VAT ya asilimia 16. Kupima ni bure.

Na kama fremu zako tayari ziko chini ya 11.1, funga pochi, vaa miwani, uendeshe!