Wainka hawakutoweka. Nenda Ollantaytambo ujionee

Karibu kila mtu Nairobi amewahi kupanda matatu yenye sura ya Tupac ubavuni. Lakini waulize abiria jina lenyewe limetoka wapi, wengi watakutazama tu. Limetoka milima ya Andes, nchini Peru. Mamake Tupac Shakur alimpa jina la Túpac Amaru wa Pili, aliyeongoza uasi mkubwa dhidi ya Wahispania mwaka 1780, akauawa hadharani mjini Cusco mwaka 1781. Huyo naye alikuwa amejichukulia jina la Túpac Amaru wa kwanza, mfalme wa mwisho wa Wainka, aliyekatwa kichwa katika uwanja huohuo wa Cusco mwaka 1572.

Sasa niambie. Watu ambao jina lao limefika hadi kwenye matatu zetu, mbona kila video ya safari za Peru inaanza na ati "ustaarabu uliotoweka"? Umetoweka ukaenda wapi? Mimi naona hadithi hiyo ni uongo unaouza tiketi, na mji unaouumbua vizuri kabisa ni Ollantaytambo.

Mji huu uko kilomita 60 hivi kutoka Cusco. Wanaosafiri na shanta mgongoni hufika kwa vigari vya abiria vinavyoondoka vikishajaa, yaani matatu tu, bana. Wengi hawakai. Wanashuka, wananunua maji, wanakimbilia stesheni kupanda treni ya kwenda Machu Picchu, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Mji mzima wameugeuza stendi.

Lakini ukiacha stesheni nyuma na kuingia mtaa wa zamani, utaona kitu ambacho Machu Picchu haina: watu wanaoishi. Barabara ni zilezile nyembamba walizozipanga Wainka zaidi ya miaka 500 iliyopita. Maji ya mlimani bado yanapita kwenye mifereji ya mawe kando ya njia. Nyumba zimejengwa kuzunguka ua mmoja, na ua una mlango mmoja wa kutokea barabarani, mpana chini na mwembamba juu. Kuta za chini ni za Wainka, juu yake familia za leo zimeongeza matofali ya udongo na mapaa ya vigae. Nguo zimeanikwa, watoto wanatoka shule, na lugha utakayosikia pamoja na Kihispania ni Kikechua, lugha ya dola ya Wainka. Peru ilikitambua Kikechua kuwa lugha rasmi mwaka 1975, na leo nchini humo pekee kina wasemaji zaidi ya milioni 3.

Hao ndio waliotoweka?

Halafu kuna vita. Mwaka 1533 Wahispania walimtawaza kijana Manco Inca wakidhani watamtumia kama kikaragosi. Walimtukana, wakamfunga, wakamdai dhahabu bila kikomo. Mwaka 1536 alitoroka Cusco, akakusanya jeshi kubwa na kuuzingira mji huo kwa miezi. Aliposhindwa kuuteka, alijikusanya Ollantaytambo. Januari 1537, Hernando Pizarro akamfuata huko na Wahispania takriban 100, wengi wao juu ya farasi, pamoja na maelfu ya wenyeji waliokuwa upande wao.

Manco aliwangoja juu kwenye matuta ya mawe. Mishale na mawe vikawanyeshea. Kisha akafanya jambo ambalo lingeweza kufanywa tu na watu waliojua maji yao: akayageuza mafuriko, yakafunika uwanda wote wa chini. Farasi, silaha kubwa ya Wahispania, wakakwama kwenye matope. Pizarro alikimbia usiku. Manco baadaye aliingia misituni Vilcabamba, na ufalme wake ukadumu huko hadi 1572, siku za mwanawe. Mwanawe ndiye yule Túpac Amaru wa kwanza.

Sasa kabla hamjaanza kupiga makofi, tusiwafanye Wainka malaika. Wale maelfu waliomfuata Pizarro hawakuwa wajinga. Baadhi, kama Wakañari kutoka kaskazini, walikuwa wameshindwa vitani na Wainka na kuhamishwa kwa nguvu, wakaona Wahispania ni nafasi ya kulipiza. Hata Ollantaytambo yenyewe ilitekwa na mfalme Pachacuti katika karne ya 15, akaijenga upya iwe mali yake. Dola ni dola.

Ukitaka kuona gharama ya dola, panda ngazi hadi juu ya ngome. Pale kuna mawe sita makubwa ya rangi ya waridi, yamesimama kwa urefu wa karibu mita 4, kila moja likiwa na uzito wa makumi ya tani. Yalitoka machimbo ya Kachiqhata, ng'ambo ya mto Urubamba, kilomita 5 hivi. Hakukuwa na gurudumu la kubeba mzigo, hakukuwa na ng'ombe wala farasi. Ni watu na kamba, wakivuta kwa zamu kama kodi kwa mfalme, wakiteremka mlima, wakivuka mto, wakipanda mlima mwingine. Njiani bado yamelala mawe ambayo hayakufika. Wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Mimi nadhani waliochoka ni watu.

Na hapa ndipo hadithi ya "kutoweka" inanikera zaidi, kwa sababu kubeba hakujaisha. Ile njia maarufu ya miguu ya Wainka, ya siku nne, inaanzia kwenye reli karibu na mji huu. Mgeni anatembea na kijishanta chepesi. Hema, mitungi ya gesi, viti na chakula viko mgongoni mwa wapagazi, wale tunaowaita maporta kwetu Mlima Kenya. Wengi wanatoka vijiji vya Wakechua vya juu. Peru ilihitaji kutunga sheria mwaka 2001 ili mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20. Basi fikiria: mgeni amelipia kuona walikoishi Wainka, na anayembebea hema ni mjukuu wao, lakini mwongozaji akisema "walitoweka" kila mtu anaitikia kwa kichwa.

Uongo huu una faida kwa wengine. Watu wakishatoweka, hakuna wa kumuuliza ardhi ni ya nani, pesa ya tiketi inaenda wapi, au mpagazi alilala wapi jana usiku. Magofu hayaombi nyongeza ya mshahara.

Kwa hivyo kama una mpango wa kwenda huko siku moja, sikiliza. Lala Ollantaytambo angalau siku mbili. Hata mwili utakushukuru, maana Cusco iko mita 3,400 juu ya bahari na hapa ni 2,800, na bado ni juu kuliko Iten. Kula viazi. Hawa ndio watu waliotupa waru, na walijua kuvigandisha kwa baridi ya usiku, kuvikanyaga na kuvikausha juani vikakaa miaka bila kuoza. Tazama maghala yao ya mawe mlimani Pinkuylluna, yaliyowekwa pale juu ili upepo upoze chakula. Jifunze salamu mbili tatu za Kikechua. Ukichukua mpagazi, muulize jina lake, mpime mzigo, mlipe vizuri.

Na ukirekodi video yako, tafadhali usianze na "hapo kale waliishi watu". Geuza kamera. Mama anayepita na kuni anaishi hapo hapo, na kama anataka kuongea, ana mengi ya kusema kukushinda wewe.