Karatasi Kabla ya Mbogo

Mgeni aliyekuja kuwinda pori la Burigi alianza na karatasi, hata kama alikuwa amelipia mbogo. Sisi vijana wa Kasulo tuliochukuliwa kufuata nyayo ndio tuliobandika hiyo karatasi yenye duara jeusi kwenye boksi, tukaiegemeza kwenye kichuguu kinene ili risasi ziishie udongoni, kisha tukahesabu hatua mia kurudi nyuma.

Mgeni alilaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga tatu. Mwindaji bingwa hakujali sana kama zimegonga katikati. Alitazama zilivyokusanyika. Zikikaa pamoja lakini kushoto, darubini ya bunduki ndiyo iliyohama, na dawa yake ni kuzungusha kifundo. Kwa darubini nyingi kila "tik" moja husogeza risasi robo inchi katika yadi 100, yaani kama milimita saba kwa mita 100. Zikitawanyika ovyo, kuna skrubu iliyolegezwa na ndege au na barabara yetu, la sivyo mgeni anafumba macho kabla ya mlio. Bunduki ya .375, iliyotoka Uingereza 1912 na ambayo ndiyo ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa mbogo, hurudisha teke. Aliyesogeza jicho karibu mno na darubini aliondoka na mkato wa mwezi mchanga juu ya nyusi. Tulicheka baadaye, jikoni.

Wazee wetu, Washubi na Wahangaza, wangeshangaa kuona risasi zikimalizwa kwenye boksi. Wao walikuwa na mikuki, pinde na mbwa, na gobore lilipofika lilikuja na njaa ya baruti. Mwenye gobore hakuijaribu bunduki yake kwenye mti. Alimsogelea mnyama mpaka kukosa kukawa vigumu, na shabaha yake ilikuwa miguuni, katika kunyata. Kwangu mimi kulenga karatasi ni desturi ya mwenye risasi za ziada, na historia ya bunduki huku kwetu ni historia ya watu wasiokuwa nazo.

Serikali ya kikoloni nayo ilichangia uhaba huo. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Wissmann, alitoa amri ya vibali vya uwindaji, na tangu hapo Mwafrika mwenye kitoweo cha porini amekuwa mtu wa kuulizwa maswali. Askari wa Wajerumani wenyewe hawakuwa na anasa kubwa: mpaka vita vya Tanga, Novemba 1914, wengi walibeba Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, yenye moshi mzito uliomwonyesha adui mpigaji alipo. Darubini wakati huo ilikuwa ya waungwana wa Ulaya. Kahles wa Vienna, mtengenezaji wa darubini, alikuwa amefungua kiwanda chake 1898.

Baada ya uhuru, uwindaji wa kitalii ulifungwa 1973 na kufunguliwa tena 1978 chini ya shirika la umma, TAWICO. Kisha, Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Benaco, hapa hapa Kasulo, pakawa mji wa maturubai. Watu wengi kiasi hicho wanahitaji kuni na nyama. Wanyama wa Burigi walipungua vibaya, na waliowapunguza hawakuhitaji karatasi wala kifundo: bunduki za vita hupiga mfululizo.

Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, na katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Mgeni sasa anakuja na kamera. Vitalu vimebaki kusini, Moyowosi, na baadhi ya wafuata nyayo wa umri wangu walihamia huko. Mimi nilibaki na shamba la migomba. Uamuzi wa kuifanya Burigi hifadhi nauunga mkono, ingawa mshahara wa kambi ulikuwa unalipa ada za shule vizuri kuliko ndizi zinavyolipa.